Bibi wa Chini na Maji ya Eisi

Tulimwita Bibi wa Chini kwa sababu alikaa chumba cha chini, na sisi wapangaji wake tulikaa juu. Jina alikuwa nalo, bila shaka, lakini sikuwahi kulitamka mbele yake na sidhani angependa nianze leo. Alizaliwa wapi, aliolewa na nani, alifikaje Dubai, hayo ukimwuliza alikukabidhi kisu na fungu la bamia ukate. Kiswahili chake kilikuwa cha Unguja kitupu, na hicho kilitutosha.

Nyumba ilikuwa Al Jaddaf, ya zamani, ya ghorofa moja, rangi imebanduka, na nyuma kulikuwa na uwanja mpana uliozungushiwa ukuta. Yeye aliikodi yote kwa mwenyewe, Mwarabu tuliyemwita arbab, kisha akatukodisha sisi vyumba. Wengi tulikuwa Wakenya na Watanzania wa mahotelini na wa ulinzi. Mimi nilikuwa nikitandika vitanda katika hoteli moja ya Al Rigga, na nilikaa kwa Bibi miaka mitano.

Haja yake kubwa niliyoijua ilikuwa moja tu. Kila Oktoba, joto likianza kulegea, alitaka awe na kipande cha ardhi cha kupanda mboga. Nyumba haikuwa yake, ardhi haikuwa yake, na majengo marefu yalikuwa yakisogea kutoka pande zote. Kila mwaka tulisikia kwamba zamu yetu ya kubomolewa imefika. Kwa hiyo Oktoba ilipokaribia aliingiwa na wasiwasi, akawa mkali, akitusikiliza tunavyozungumza kwenye ngazi kama kuna aliyesikia habari. Habari isipokuja, alichukua jembe lake fupi na kuanza.

Mimi nilitoka Bungoma nikiwa nimelikimbia jembe. Nilimwambia mama yangu uwanja wa ndege kwamba sitashika tena mpini maishani mwangu. Mwezi wangu wa pili kwa Bibi nilikuwa nimechuchumaa uwanjani nikichambua mbegu za bamia.

Udongo wa pale ulikuwa mchanga mtupu, ule wa kumwagikia viatuni. Alichokuwa nacho Bibi alikitengeneza mwenyewe kwa miaka. Kila mpangaji alipewa mfuko mlangoni wa kutia majani ya chai yaliyokwisha kuchemka, maganda ya viazi na ya mayai. Ukitupa majani ya chai kwenye takataka za kawaida ulisemwa mbele ya watu. Vichwa vya samaki alivizika kwenye matuta, kina cha mkono mzima, halafu paka wa mtaa mzima wakaja kuvifukua. Aliwachukia paka hao kwa moyo wake wote, akawarushia kandambili, na mmoja wao, jike la rangi ya kijivu, alilala chumbani kwake juu ya mkeka. Nilipomwuliza yule anafanya nini mle ndani aliniambia, "Huyo si paka. Huyo mgeni."

Samadi ililetwa na arbab mwenyewe. Alikuwa na mbuzi mahali fulani nje ya mji, na kila mwisho wa kiangazi alifika na gari lake jeupe la kifahari, kanzu imepigwa pasi, udi unanukia hadi barabarani, na nyuma ya gari magunia ya mavi ya mbuzi. Alimwita Bibi khala, yaani mama mdogo, naye Bibi alimwamrisha kama mtoto wake wa kumzaa. "Yalla, shusha hapo. Si hapo! Kando ya mndimu." Na tajiri yule akashusha. Tuliangalia dirishani tukiwa tumeziba midomo, maana mtu huyo sisi tulikuwa tunamwogopa.

Lakini jambo lililomtofautisha Bibi na walimaji wote niliowahi kuwaona ni maji. Hakuyapenda maji ya mfereji. Alisema jana tu yalikuwa bahari, kabla ya kutolewa chumvi kiwandani, na mmea hausahau haraka namna hiyo. Yeye alimwagilia kwa maji ya eisi. Kila chumba chetu kilikuwa na kiyoyozi cha zamani cha dirishani, kimetokeza makalio yake nje, na kila kiyoyozi kilidondosha maji mchana na usiku. Chini ya kila kimoja Bibi aliweka ndoo tupu ya rangi ya ukuta iliyooshwa. Alfajiri baada ya sala alizizungukia, akamimina kwenye pipa lenye kifuniko, na jioni akachota kwa kopo.

Kutokana na ndoo zile alijua maisha yetu. Ndoo iliyojaa mchana ilimaanisha mtu hakwenda kazini. Ndoo kavu ilimaanisha mtu hakulala nyumbani, na hapo ulitafuta maneno ya kusema mapema. Chumba chenye mgeni, alisema, kinadondosha zaidi, kwa sababu watu wanapumua na pumzi ni maji. Kamau, mlinzi wa zamu za usiku aliyekaa chumba cha pembeni, aliwahi kumficha binamu yake wiki nzima ili Bibi asimlipishe kitanda. Bibi hakupanda hata ngazi. Alisimama chini akaita, "Kamau! Mwambie mgeni wako ashuke, chai tayari."

"Bibi, mgeni gani sasa?"

"Huyo anayenijazia ndoo."

Binamu alishuka akiwa na aibu, akanywa chai, akapewa mkate wa kumimina na tuta la kunde la kupalilia.

Mimi pia ndoo iliwahi kunisemea. Nilishikwa na homa nikiwa peke yangu, mwenzangu wa chumba amekwenda likizo, na sikuwa na nguvu ya kufika mlangoni. Nikasikia funguo. Bibi aliingia na uji, akaniwekea kitambaa cha maji kichwani, akasema ndoo yangu imejaa saa ambayo huwa tupu na mimi si mvivu. Hakuniuliza lolote jingine. Nilimpenda tangu siku hiyo, nami sikumwambia, maana angenipa bamia nikate.

Ubishi wetu mkubwa naye ulikuja Novemba, na ulikuja kila mwaka. Wakati wa joto kali eisi zilitiririka kama mifereji, lakini hakuna kilichoota uwanjani isipokuwa bamia, kunde na pilipili zilizojikaza chini ya shuka kuukuu alilotundika kama paa. Maji tele, mmea hakuna. Hewa ikipoa, ndipo mbegu zinapotaka kuota, na ndipo sisi sote tunapozima eisi tufungue madirisha. Basi mwanamke yuleyule aliyetugombeza mwezi wa saba kwa kuacha eisi inawaka chumba kitupu, sasa alipanda ngazi kwa taabu, mkono kiunoni, akibembeleza.

"Mwanangu, hebu iwashe kidogo."

"Bibi, ni baridi."

"Jifunike."

Kamau ndiye aliyelalamika zaidi. "Bibi, hii kitu ikiwaka usiku na mimi niko off, nitaamka kama nyama ya friji. Uliza hata hawa."

"Nyama ya friji haiharibiki," alimjibu. "Washa."

Na Kamau aliwasha, akalala na jaketi la kazi. Asubuhi alishuka akipiga chafya ili Bibi asikie. Wiki chache baadaye alikuwa wa kwanza kushika sahani mchicha ulipoiva, na hakuna aliyesikia chafya.

Mwaka wangu wa kwanza niliingiza ujuzi wa kwetu. Machi ilipofika damu yenyewe iliniambia ni wakati wa kupanda, maana kwetu Machi mvua inanukia na kila mtu yuko shambani. Nilikuwa na mbegu za sukuma wiki nilizoletewa kutoka nyumbani, nikaomba tuta. Bibi aliniangalia, akanipa tuta zuri, karibu na pipa. Nikapanda kwa mistari iliyonyooka na kujisifu kwa wenzangu. Miche ilitoka. Aprili ikasimama vizuri. Mei ikakauka yote, wiki moja tu, ikabaki vijiti.

"Ulijua!" nilimwambia, nikiwa na hasira kwelikweli.

"Nilijua."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekwambia, ungeniamini?" Akang'oa kijiti kimoja, akakitazama. "Kwenu Machi mnaamkia shamba. Hapa Machi tunaagana. Njoo Oktoba."

Nikaja Oktoba. Na kweli hiyo ndiyo iliyokuwa kazi niliyoipenda, ingawa niliapa uwanja wa ndege. Kwanza tulivuna mabaki ya kiangazi. Bamia zilizokomaa tuliziacha zikauke mtini, tukazipasua kwa mbegu. Pilipili tulizitunga uzi. Kunde kavu tulizipura kwenye mkeka, na paka mgeni akalala juu yake. Kisha tuling'oa mashina, tukatifua matuta, tukachanganya samadi na ule uchafu wetu wa chai uliokuwa umeoza mwaka mzima na kugeuka mweusi, laini, wa kunukia msitu. Mtu aliyezoea mchanga wa pale akiona weusi ule alisimama. Bibi aliuchukua kiganjani, akaubana, akaufungua. Ukibaki umeshikana alitikisa kichwa kwa kuridhika. Ukimwagika alituangalia sisi, kana kwamba kuna mtu ametupa chai yake chooni.

Kisha mbegu: mchicha, figili, kotmiri, vitunguu vya majani, nyanya kwenye kitalu, na tuta moja la sukuma. Sukuma hakuila. Aliiita "majani yenu yale," akasema yanafaa sungura. Lakini tuta lake ndilo lililopata samadi nyingi kuliko yote, na Alhamisi jioni alituwekea mafungu yetu kando ya ngazi, kwa sababu Ijumaa tulikwenda kanisani na baada ya ibada tulipika pamoja. Tukichelewa kuamka Ijumaa hiyo, yeye Mwislamu ndiye aliyegonga mlango. "Mnasubiri Mungu awafuate kitandani?"

Miaka ile mwezi wa Ramadhani uliangukia majira hayohayo. Alifunga na kulima pamoja, jioni tu jua likiwa limeshuka, na hakutaka msaada wa mtu aliyefunga mwenzake. Shida yake ilikuwa kuonja. Figili za mwanzo zilimtia mashaka, zisiwe kali mno, na bamia za mwisho zisiwe ngumu. Basi aliita kwa sauti uwanja mzima usikie, "Njoo wewe mwenye mdomo!" Mwenye mdomo nilikuwa mimi. Nilionja, nikatoa ripoti, naye akanisikiliza kwa makini kama daktari. Adhana ikilia alifungua kwa tende na figili ileile niliyoisifu, na kama nimemdanganya nilisemwa.

Mambo mengine yake nayataja tu. Ukimwambia "Sasa, Bibi" alikuwa kiziwi. Ukimwambia "Shikamoo" alisikia hata ukiwa ng'ambo ya ukuta. Alikuwa bahili wa sabuni na mkarimu wa kila kinachoota. Hakupenda kushukuriwa. Ukisema ahsante kwa mchicha alikwambia urudishe sahani. Hakuwahi kulima peke yake ikiwa kuna mtu nyumbani, na hakuwahi kuomba msaada. Alikuwa akianza kazi karibu sana na mahali ulipokaa, mpaka ukaona haya.

Oktoba ya mwisho arbab alikuja bila magunia.

Nilikuwa nyumbani, siku yangu ya mapumziko, nikipasua bamia. Aliegesha gari nje, akaingia kwa miguu, akasimama kando ya mndimu akiangalia vidole vyake. Yeye na Bibi walizungumza Kiarabu na nilielewa kidogo, lakini uso wake ulinieleza yote. Nyumba inabomolewa. Mwakani mashine zinaingia. Alisema inshallah nyingi na samahani nyingi, na mwisho akasema, "Khala, khalas, imekwisha, si mimi tu, ndugu zangu wote wametia mkono."

Bibi aliuliza jambo moja tu. "Mwezi gani?"

"Wa kwanza."

Alihesabu kimyakimya kwa vidole, si kwa ajili ya kuhama, bali kwa ajili ya tuta. Kisha akamwambia akalete samadi.

Tulidhani amechanganyikiwa. Kamau alininong'oneza jikoni, "Huyu mama ameshtuka vibaya. Mtu anapanda aje na bulldozer iko njiani?" Lakini Bibi hakuwa amechanganyikiwa. Alitifua kama miaka yote, akabana udongo kiganjani, akapanda mchicha, figili na kotmiri, vitu vya wiki chache. Kitalu cha nyanya alikiacha kitupu. Nyanya zinataka miezi. Nilipoona kile kitalu kitupu, kimesawazishwa vizuri na hakina kitu, ndipo nilipoelewa kwamba tunaondoka kweli, na nililia pale uwanjani bila kujificha. Yeye alinipa fungu la bamia.

Mpwa wake alikuja kumchukua, mwanamume mpole wa makamo, na mkewe, nyumba yao ikiwa ghorofa ya tano upande wa Deira. Bibi alimwuliza kama kuna uwanja. Akasema kuna roshani. Basi siku ya kuhama, kabla ya kitanda, kabla ya sanduku, Bibi alianza kujaza udongo kwenye magunia ya mchele. Dereva wa pikapu alicheka mpaka akaketi.

"Shangazi," mpwa alisema, "udongo unauzwa dukani, nitakununulia."

"Wa dukani haujakula kwangu. Huu umekula kwangu miaka yote."

Walimruhusu magunia yaliyoenea nyuma ya pikapu. Mengine alitugawia sisi. Kamau, ambaye kampuni yake ilimhamishia kambi ya wafanyakazi ya Muhaisnah, alichukua lake begani, akapanda nalo basi la kampuni, akashikilia kuwa ni unga. Mimi nilikuwa nahamia kitanda kimoja cha ghorofa katika chumba cha watu wanane. Sikuwa na pa kuuweka. Bibi aliliacha gunia langu chini ya mndimu, na sijui mashine zilifanya nalo nini.

Nilimwona tena mwishoni mwa mwaka uliofuata, Novemba, wakati hoteli zilipokuwa zikipunguza watu na mkataba wangu umefika mwisho. Nilikuwa na tiketi ya kurudi nyumbani. Wiki nzima niliwaomba wenzangu wa chumba cha wafanyakazi waniwekee majani ya chai, nikayakausha kwenye gazeti, nikamletea mfuko mzima. Mke wa mpwa alinifungulia, akaunusa mfuko, akatabasamu kwa uchovu.

"Labda wewe atakusikia," aliniambia. "Anakohoa tangu wiki iliyopita, na hataki eisi izimwe. Novemba hii! Daktari amesema kifua. Sisi tukizima, yeye anawasha."

Nilifungua mlango wa chumba chake na baridi ikanipiga usoni. Bibi alikuwa ameketi kitandani amevaa sweta, juu yake shali, juu yake shuka, na soksi za kiume miguuni. Alikuwa amekonda sana. Eisi ilikuwa ikinguruma juu ya kichwa chake.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Funga mlango, baridi inatoka."

Nilitaka kukasirika. Nilianza kusema kuhusu kifua, kuhusu daktari, nikamsikia akikohoa nikasikia uchungu. Yeye alinionyesha kwa kidevu mlango wa kioo wa roshani. Nikatazama. Ndoo zilezile za rangi zilikuwa zimepangwa ukutani, udongo wetu mweusi umejaa mpaka ukingoni. Mchicha ulikuwa umeota. Figili zilikuwa zimejitokeza mabega. Kwenye ndoo kubwa ya pembeni, imefungwa kwenye kijiti kwa kitambaa, kulikuwa na mche uliofika kiunoni, na ule mpira mwembamba unaotoa maji ya eisi ulikuwa umevutwa na kufungwa kwa uzi, unadondosha tone, tone, shinani mwake.

"Nyanya?" nikauliza.

"Nyanya."

"Bibi, si kuna mfereji jikoni?"

Alitoa mikono yake chini ya shuka. Vidole vilikuwa vimepinda, havifungi. "Kopo linaniponyoka. Nimemwaga mara mbili kwenye zulia la watu. Siwezi kuwaomba maji kila jioni, nao wametoka kazini. Hii inanibebea." Akaikodolea macho eisi. "Ila siku hizi hewa imekauka. Inatoa kidogo."

Nyanya ile ilikuwa na maua, matunda bado. Ilihitaji miezi miwili, pengine zaidi. Sikumwambia azime.

Nikamwambia nimekuja kuaga tu, nina mizigo ya kufunga, gari linanisubiri jioni. Akaunusa mfuko wa chai, akauweka ubavuni kwake, hakusema ahsante. Nikasimama. Akanishika kwa vile vidole visivyofunga.

"Kaa," alisema. "Kaa kidogo. Chumba chenye mgeni kinadondosha zaidi."

Nikavua viatu, nikapanda kitandani kando yake, tukajifunika shuka moja. Nilitetemeka mpaka magharibi, nikipumua kwa nguvu.